Mzee wa Nyuzi anajibu: Lebo haipigi solo

Shikamoo mzee. Mi napiga gitaa kavu kanisani na kwenye maharusi, nimedunduliza miaka minne ninunue gitaa moja la maana la kutengenezwa kwa mkono. Kuna fundi wa Ulaya kila mtu anamtaja, foleni yake miaka mitatu na bei ningepata bodaboda tatu. Kuna mwingine hajulikani kabisa, bei robo ya hiyo. Wenzangu wa bendi wanasema rahisi ni ghali. Nichukue lipi? – Mpiga solo, Morogoro

Marahaba mwanangu. Hilo la bodaboda tatu umelipiga? Maana barua nzima umeniandikia jina, foleni, bei na wenzako wa bendi, ila sijaona ulipoandika linalia vipi.

Tuanze na foleni, kwa sababu ndiyo inayowatisha wengi. Fundi wa mkono anayefanya kazi peke yake tuseme anatoa gitaa moja kwa mwezi, basi wateja 36 tu wanatosha kuunda hiyo miaka mitatu yako. Watu 36, yaani Coaster moja imejaa na wachache wamesimama mlangoni! Foleni inakwambia wanaomtaka ni wengi kuliko mikono yake, kuhusu sauti haisemi kitu.

Halafu mbao. Wakubwa hawa ukisoma matangazo yao ni rozwudi ya Brazili, rozwudi ya Brazili, mti ambao biashara yake ya kimataifa imebanwa tangu 1992 kwa hiyo bei yake ipo mbinguni. Sasa sikia. Antonio de Torres, yule Mhispania aliyelipa gitaa la klasiki umbo tunalolijua leo, mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake (zile pande zilizopinda) ni za karatasi ngumu, mbao ya maana akaiweka ubao wa mbele, alitaka watu waone sauti inatoka wapi. Lipo mpaka leo makumbusho ya muziki Barcelona. Na mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Lancaster Uingereza walitoa matokeo yao, magitaa 6 ya fundi mmoja, Roger Bucknall, yanafanana kila kitu isipokuwa mbao za mgongo na mbavu, kuanzia hiyo rozwudi ya Brazili mpaka sapeli ya huku kwetu Afrika ambayo ni bei ya kawaida. Wapigaji 52 wakavishwa miwani ya wachomeleaji, taa zikapunguzwa, wakapiga, wakatoa maksi. Maksi zikawa karibu sawa! Macho yakizibwa ule utajiri wote wa mbao haukuonekana.

Na lebo nayo usiiamini sana. Karakana ya José Ramírez III pale Madrid ilitoa magitaa mazuri mno, ila yalitengenezwa na mafundi wake, kila mmoja anagonga herufi za jina lake ndani mahali ambapo mnunuzi wa haraka haoni. Miaka ya 1960 baadhi yao, kina Manuel Contreras na Paulino Bernabé, wakatoka wakaanza kuandika majina yao wenyewe. Mikono ni ile ile, lebo ndiyo iliyobadilika.

Sisemi jina ni bure. Ukiuza kesho la jina unapata hela, la asiyejulikana utabembeleza. Kama unanunua akiba, nenda foleni. Kama unanunua la kupiga, mpe mwenzako magitaa yote mawili, mgeuzie mgongo, apige wimbo ule ule bila kukwambia ameshika lipi. Kisha angalia shingo imenyooka na freti (kile chuma cha kukatiza shingo) ya 12 ipo kwenye tyuni. Mi mwenyewe niliwahi kununua la jina kubwa (silitaji), nikashuka nalo Tanga, ule unyevu wa pwani miezi miwili tu daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi, limenyanyuka kama ukucha. Mgema akisifiwa, unajua mwenyewe.

Kaka, mi ni seremala Mbeya, natengeneza magitaa kwa mkangazi na wanaopiga wanasifia, lakini wakienda kununua wananunua la dukani. Wahenga walisema chema chajiuza, mbona changu hakijiuzi? – Seremala, Mbeya

Pole fundi. Wahenga nawaheshimu ila hawakuuza gitaa. Hermann Hauser wa Ujerumani alikuwa fundi haswa, simpunguzii hata kidogo, lakini gitaa lake la 1937 Andrés Segovia, yule mpiga gitaa maarufu wa Hispania, alilizungusha dunia zaidi ya miaka 20 na leo lipo Metropolitan Museum kule New York, sasa tangazo gani linashinda hilo? Jiulize mafundi wangapi wazuri Segovia hakupita mlangoni kwao. Na wewe tafuta Segovia wako wa Mbeya, mpigaji mmoja ambaye watu wanamsikiliza kila Jumapili, mwachie gitaa miezi mitatu bila kumdai. Andika jina lako na mwaka ndani ya tundu. Na tafadhali acha kubandika nembo za kampuni za nje kichwani mwa gitaa, najua wapo wanaokuomba, ukikubali unamjengea jina mtu ambaye hata hakujui.

Eti gitaa la mpingo ndilo linalolia kuliko yote? – Msomaji, Lindi

Mpingo ni mti wetu, mgumu, mzito, klarineti (ala za kupuliza) za dunia nzima zinaulilia, na kuna mafundi wa Ulaya na Marekani wanaufanya mgongo na mbavu halafu bei inapaa. Unapendeza, sikatai. Ila muuzaji akikutajia mpingo mara tatu, muulize ubao wa mbele ni mti gani na ameuchonga unene gani. Akianza kubabaika mrudishie gitaa lake.