Shoka la shaba nyeusi kutoka mto Thames: lisafishwe vipi?

SWALI: Kaka yangu yuko London na ana kibali cha kutafuta vitu vya kale kwenye kingo za Thames maji yakikupwa. Ameokota shoka dogo la shaba nyeusi (bronzi), lina tundu la mpini na kipete ubavuni, limejaa tope. Anataka kulisugua kwa limau na jivu kama tunavyosugua masinia ya shaba. Ni sawa?

JIBU: Hapana. Limau, ndimu na siki vyote ni asidi, na vitakula utando wa hudhurungi uliolifunika. Kwenye utando huo ndipo zilipo alama za fundi: mshono wa kalibu ya vipande viwili, makovu ya nyundo, mikwaruzo ya kunolea. Zikifutika hazirudi.

Tope la ndani ya tundu asilichokonoe kabisa. Mashoka ya namna hii, ya kati ya mwaka 1000 na 800 KK hivi, mara nyingine hubaki na kipande cha mpini ndani, maana matope ya mtoni hayana hewa ya kutosha kuozesha mti. Kipande hicho hupimwa umri kwa kaboni, jambo lisilowezekana kwa shaba yenyewe. Kikikauka ovyo, hunywea na kupasuka. Basi shoka likae kwenye mfuko wenye maji safi kidogo, ndani ya friji. Lisigandishwe: barafu hupasua mti.

Ikiwa tundu ni tupu, alisuuze kwa maji baridi na brashi laini, alikaushe polepole kivulini, kisha aliweke kwenye boksi lenye vipakiti vya silika, vile vya kufyonza unyevu. Vikitokea vidoa vya unga wa kijani kilichopauka, ujue chumvi ya kloraidi imekutana na unyevu na hewa, na asidi inaila shaba. Unyevu wa hewa ndani ya boksi ushuke chini ya asilimia 35. Mafuta asipake, hufungia chumvi ndani.

Mahali alipoliokota paandikwe leo hii, kwa namba za GPS. Kule Vauxhall, kwenye ukingo wa Thames, vichwa viwili vya mikuki vilikutwa kando ya nguzo za mbao za mnamo 1500 KK, na ukaribu huo ndio ulioonyesha kwamba huenda viliwekwa makusudi.

Kibali chake, cha Port of London Authority (mamlaka ya bandari ya London), kinamtaka aripoti kila kitu cha zaidi ya miaka 300 kwa ofisa wa vitu vya kale katika London Museum. Akipata pale pale kifaa cha pili cha metali cha enzi hiyo, viwili hivyo kwa pamoja ni hazina kwa sheria ya hazina (Treasure Act) ya 1996, na ana siku 14 za kutoa taarifa.