Kijana wa Visiwani anayetaka kazi ya utafiti aanze na vipimo vyake

Vijana wanaomaliza shahada ya sayansi hapa Unguja na Pemba huniuliza mara kwa mara waombe ufadhili wa nchi gani. Jibu langu, ambalo huwaudhi baadhi yao, ni kwamba swali hilo lije baada ya jengine: una data gani mkononi, na unajua kuzichambua? Nimekuwa msaidizi wa utafiti katika mashamba ya mwani ya pwani ya mashariki kwa miaka kadhaa, na wenzangu niliowaona wakiitwa nje kusoma ni wale waliokuwa na majibu ya maswali haya mawili.

Sayansi ya leo imefungua milango ambayo zamani ilihitaji maabara ya kifahari. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2024 walipewa David Baker, Demis Hassabis na John Jumper, na hao wawili wa mwisho kwa ajili ya AlphaFold, programu ya akili bandia inayokisia maumbo ya protini. Makisio zaidi ya milioni 200 yamewekwa wazi bila malipo. Joto la bahari linalopimwa na setilaiti nalo hupatikana bure kupitia mpango wa Copernicus wa Ulaya. Aliyeko Chake Chake, intaneti ikimruhusu, anafungua kile kile anachokifungua aliyeko Cambridge.

Kilichobaki adimu ni kipimo cha mahali penyewe. Setilaiti husoma joto la uso wa bahari kwa eneo pana, wala haitakwambia maji ya shambani Paje yalichemka kiasi gani saa sita mchana wakati wa bamvua, bahari imekupwa na kamba za mwani zinakaribia kulala mchangani. Wakulima wetu, ambao wengi ni akina mama, ndio wanaojua namna kotonii, aina yenye bei nzuri zaidi, ilivyokuwa ikifa kadiri maji yalivyozidi joto. Ukichukua kipimajoto ukapima pale pale, saa ile ile, mwezi baada ya mwezi, una kitu ambacho hakuna mwengine anacho.

Lakini vipimo hivyo viandike vizuri. Tarehe ianze na mwaka, kwa sababu 3/4 kwetu ni tarehe tatu Aprili, na kwa Mmarekani ni tarehe nne Machi. Safu ya joto iwe na namba tupu, na maneno kama "maji moto sana" yakae katika safu ya maelezo. Kisha jifunze R au Python, lugha za kompyuta za kuchambua data, ambazo zote ni za bure.

Kuhusu ajira, kufungwa kwa shirika la misaada la Marekani, USAID, mwaka 2025 kumetosha kuwa onyo: kabla ya kusaini mkataba wa mradi, uliza nani analipa na hadi lini. Zipo taasisi zilizodumu, kama Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoanza mwaka 1978, na maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi, Pemba, tangu mwaka 2000. Ukitumiwa barua pepe na jarida linalokuahidi kuchapisha makala ndani ya siku tatu ukilipa, ifute.

Na barua ya kumwomba msimamizi wa masomo wa nje iwe ya aya mbili tu, iambatane na mchoro mmoja wa vipimo vyako mwenyewe.