4,294,967,297 si namba tasa

Mkuu, umesema umeigawa 4,294,967,297 kwa namba tasa zote chini ya 100 ikagoma, ukauliza kama nayo ni tasa. Hapana. Igawe kwa 641, utapata 6,700,417 bila baki.

Usijilaumu, Fermat mwenyewe, yule mwanahisabati Mfaransa, aliteleza hapo hapo. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Wadogo zake wa muundo huo huo (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, jumlisha 1), yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, wote ni tasa, akaamini mfululizo hautakatika. Mwanahisabati Euler akaukata mwaka 1732.

Siri iko hivi: kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Kwa hiyo hizo 7, 11, 13 ulizohangaika nazo hazikuwa na nafasi tangu mwanzo. Unaanza na 193, kisha 257, 449, 577, halafu 641. Jaribio la tano tu! Kwa kalamu na karatasi unamaliza chai ikiwa bado ya moto (yangu ilipoa, nilikosea kutoa mara mbili).

Hiyo 6,700,417 nayo ni tasa, kwa hiyo usitafute kigawo kingine.