Niandike kila namna ya neno “tangi” katika matangazo ya Google?

SWALI: Nina duka la matangi ya maji ya plastiki jijini Dar es Salaam na ninatangaza kupitia Google Ads. Nimeweka maneno muhimu (keywords) mengi, yakiwamo tangi, tanki, tenki, matangi na matenki, pamoja na majina ya Kiingereza, yote kwa ulinganifu mpana (broad match, ambapo tangazo huonyeshwa hata kwa utafutaji unaohusiana tu na neno). Bajeti ya siku huisha kabla ya adhuhuri, na wanaopiga simu ni wachache. Je, niongeze maneno au nipunguze?

JIBU: Ndugu msomaji, punguza namna za kuandika neno, na badala yake uongeze namna ambazo mnunuzi hueleza anachokitaka. Tangu mwaka 2014 Google hulinganisha yenyewe maumbo yanayokaribiana, yaani umoja na wingi pamoja na makosa ya tahajia, na mwaka 2018 hata ulinganifu kamili (exact match), ulio finyu kuliko yote, ulipanuliwa ukahusisha maneno yenye maana ileile. Hata hivyo, kwa kuwa Kiswahili hubadilisha neno mwanzoni, na tahajia ya maneno ya mkopo kama hili haijatulia miongoni mwa watu, nisingeuachia mfumo kazi yote. Bakiza maumbo matatu au manne ambayo wateja wako huyaandika kweli. Yale ambayo karibu hakuna anayeyatafuta hayakuletei chochote, kwa sababu Google huyasimamisha yasishiriki mnada wa kuamua matangazo yatakayoonyeshwa hadi watu watakapoanza kuyatafuta.

Juhudi yako ielekee kwenye ujazo, bei na mahali. Aliyeandika “tangi” peke yake hajakuambia lolote, lakini aliyeandika “bei ya tangi la lita 1000” au “water tank 5000 litres price Tanzania” amekwisha kujua anachohitaji na yumo katika kulinganisha maduka. Maneno ya namna hiyo yaweke katika ulinganifu wa kirai (phrase match, ambapo utafutaji hubeba maana ya kirai chako), kwa alama za kunukuu, na yale yaliyokwisha kukuletea wanunuzi yaweke katika ulinganifu kamili, kwa mabano ya mraba: [bei ya tangi la lita 1000]. Kila ujazo unaouzwa sana uupe kikundi chake cha matangazo, na anayebofya afikie ukurasa unaoonyesha tangi hilohilo na bei yake, kwa kuwa alama ya ubora (Quality Score), ambayo Google hulipa kila neno muhimu kuanzia 1 hadi 10, hutazama pia uhusiano wa tangazo na alichotafuta mtu, na jinsi ukurasa unavyomfaa.

Ulinganifu mpana uache kwa sasa. Hufanya kazi vizuri pale mfumo unapojua ni mbofyo upi ulizaa mauzo. Wewe unauza kwa simu, na ikiwa simu hizo hazihesabiwi ndani ya akaunti, mfumo hauna cha kujifunzia.

Sehemu inayodai uangalifu mkubwa zaidi ni maneno ya kuzuia (negative keywords), yaani yale yanayozuia tangazo lako lisionyeshwe, na hapa kanuni inageuka. Tangu mwaka 2024 Google hushughulikia makosa ya tahajia katika maneno hayo, lakini wingi na visawe havimo, hivyo ukizuia “kazi” hujazuia “ajira”, na ukizuia “picha ya tangi” hujazuia “picha za matangi”. Andika kila umbo. Kwa biashara yako ningeanza na mafuta, gari, samaki, kusafisha, kazi, ajira na mtumba. Zaidi ya hayo, zuia “bovu”, kwani Tangi Bovu ni eneo la Dar es Salaam linalojulikana sana, na mtu anayetafuta chumba cha kupanga huko huweza kuonyeshwa tangazo lako nawe ukalipia mbofyo wake.

Kuhusu “simtank”, jina ambalo wengi hulitumia kwa tangi lolote la plastiki, Google haikatazi kulitumia kama neno muhimu, ingawa mwenye alama ya biashara anaweza kuomba lisitumike ndani ya maandishi ya tangazo. Ushauri wangu ni ulitumie tu ikiwa unayauza matangi hayo, maana mteja atakayekuta bidhaa nyingine ataondoka, nawe utakuwa umekwisha kulipa.

Kila wiki fungua ripoti ya maneno yaliyotafutwa. Tangu mwaka 2020 haionyeshi yale yaliyotafutwa na watu wachache mno, lakini yanayoonekana yanatosha kukuonyesha fedha inapopotelea, na humo ndimo utakamopata maumbo mapya ya kuongeza na ya kuzuia.