Bufe ya Jumapili kando ya ziwa: inalipa au mnapigwa?

Mleta mada, nimekusoma. Mko marafiki sita, mmoja anahamia Dodoma, mnataka kumuaga Jumapili kwa ile bufe ya hoteli ya ziwani inayoanza saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Mwenzenu mmoja kagoma: anasema kulipia samaki bei ya hoteli ukiwa Mwanza ni kutupa hela.

Kwa upande wa samaki, yuko sahihi kabisa. Kama shida yenu ni sato, nendeni Kirumba au kwa mama ntilie yeyote mwenye jina, mpate supu ya moto na chapati mbili, mkitoka hapo chenji bado ipo. Ila mjaribu kukaa watu sita kwenye benchi la mama ntilie masaa manne mkimuaga mtu. Dakika ishirini tu, wenye njaa wameshasimama nyuma yenu wakikohoa. Bufe unalipia meza na muda. Chakula kinakuja juu yake. Mkishalielewa hilo, mengine mnayapanga ili huo muda usiharibike.

Anzeni na meza. Pigeni simu mapema, msisubiri Jumapili yenyewe, na msiseme tu "tunataka ya ziwani". Semeni mnataka kivuli, mbali na spika na mbali na jenereta. Kila mtu hukimbilia meza ya mwisho kabisa karibu na maji kwa ajili ya picha. Asubuhi ni kweli pazuri, ziwa limetulia, mitumbwi inapita. Kuanzia saa sita, saa saba hivi, upepo unageuka na kuanza kuingia kutoka ziwani: tishu zinaruka, kitambaa cha meza kinafunika bakuli la matunda. Halafu kuna mwewe. Wageni wakiambiwa wanadhani utani. Rafiki yetu mmoja alikuwa kaning'iniza kipande cha nyama kwenye uma, anamalizia hadithi yake kwanza. Mwewe alipita juu ya bega lake, hata kelele hakupiga. Tukabaki tunaangalia uma mtupu, na mhudumu anajikaza asicheke. Tangu siku hiyo nakaa chini ya mti au chini ya paa, ziwa nalionea hapohapo.

Chakula sasa. Fika saa nne na nusu, usichelewe zaidi ya hapo, maana watu wa misa wakishatoka foleni ya mayai haiendi. Pale kwenye mayai mpishi anakuwa na majiko mawili na vikaango vidogo, mbele yake vibakuli vya vitunguu, nyanya, hoho na pilipili, na anakaangia mtu mmoja mmoja. Hicho ndicho chakula pekee cha bufe ambacho una hakika kimepikwa sasa hivi, kwa hiyo anza nacho. Kabla ya hapo zunguka mara moja mikono mitupu. Fungua vifuniko. Mvuke usipokupiga usoni, funika upite, hata kama ni pilau lililomwagiwa zabibu. Chakula cha moto kinatakiwa kikae kwenye nyuzi 60 au zaidi mpaka kiliwe, na ule moto mdogo wa chini ya vyombo ukizimika katikati ya shughuli mara nyingi hakuna anayeshtuka. Saladi za mayonezi zilizokaa nje joto la saa saba mimi siziangalii mara mbili. Kachumbari yenye ndimu inanitosha.

Kuhusu samaki wa bufe: mnofu wa sangara kwenye mchuzi wa nazi unavumilia kusubiri, kwa sababu una mafuta yake na mchuzi unaulinda. Sato wa kukaanga havumilii. Aliyetoka kwenye mafuta saa nne, ikifika saa saba ngozi imekuwa kama ganda la kiatu. Na ukiona wamepangwa wote saizi moja, ujue huenda ni wa vizimba, siku hizi wanafugwa sana humu ziwani. Siyo wabaya, ni utamu wa aina nyingine tu. Cha kufanya ni kumfuata mpishi na kumuuliza kwa adabu, "Chifu, wanaofuata wanatoka saa ngapi?" Watu wanaona aibu kuuliza, wanaondoka na mkia mkavu waliolipia. Mimi sijawahi kukatazwa kusubiri.

Na msipite ile kona isiyo na foleni. Mara nyingine wanaweka mihogo, viazi vitamu, uji wa ulezi, siku ya bahati hata matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Msukuma akiyaona matobolwa kwenye sahani nyeupe ya hoteli anacheka kwanza, kisha anarudi mara ya pili. Watu wanabanana kwenye soseji ambazo wanaweza kuzinunua dukani kesho.

Kama kundini kuna Waislamu, ulizeni kwa simu siku ileile ya kuweka meza: nguruwe yupo? Anakaa meza gani, anachomwa kwenye jiko gani, na koleo lake ni la peke yake? Nimeona koleo moja likitoka kwenye bekoni na kwenda moja kwa moja kwenye kuku. Dada mmoja tuliyekuwa naye aliweka sahani chini, akanywa chai ya rangi mpaka tunaondoka. Alikuwa amelipa sawa na sisi.

Hapo kwenye kulipa ndipo urafiki unapotikisika, kwa hiyo malizeni kabla. Chagueni mweka hazina, kila mtu atume kwa simu kufikia Ijumaa, asiyetuma hana kiti. Anayeagwa halipi, hilo halijadiliwi. Tuseme ni 35,000 kwa kichwa, bei ambayo sisi tulilipa mara ya mwisho: watu sita ni 210,000, mkigawana watano ni 42,000 kila mmoja. Ulizeni pia kama bei mliyotajiwa ina VAT ndani. Kama haimo, asilimia 18 ya 210,000 ni 37,800, yaani mmeshamlipia mtu wa saba ambaye hamjamwona. Vinywaji kila mtu aagize vyake na alipe hapohapo vinapoletwa. Juisi na chai mara nyingi zimo kwenye bufe, ila soda, bia na hata maji ya chupa huwa kando, na bili ya pamoja ya vinywaji ndiyo inayomfanya asiyekunywa pombe aanze kukokotoa kimoyomoyo huku anatabasamu.

Kufunga chakula sahauni. Karibu kote hawaruhusu, na tuliwahi kuaibika kwa sababu ya shangazi wa mtu na hotpoti yake kwenye mkoba.

Mkila upande wa Capri Point na bado mna nguvu, boti za kwenda kisiwa cha Saanane zinaanzia hukohuko. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini, na mnazunguka taratibu mkiangalia pimbi juu ya mawe. Kiingilio kipo, kiwekeni kwenye hesabu za mweka hazina. Kuvaa viatu virefu kwa ajili ya picha za bufe halafu kupanda mawe ya Saanane, hapo kila mtu na miguu yake.

Huyo mwenzenu mbishi msimburuze. Mwambieni ale supu yake Kirumba asubuhi, awakute saa saba, alipie soda yake na kukaa nanyi kumuaga mwenzake. Ila hilo nalo mliulize kwenye simu ileile, maana kuna hoteli zinahesabu vichwa mezani, umekula hujakula, na akikalia kiti tu wanamwandikia sahani nzima.