Jibu: Mume anayesahau baada ya kuumia kichwa
Dada yangu, umeuliza kwa nini mumeo, aliyeanguka na bodaboda huko Likoni miezi minne iliyopita, anausimulia vyema utoto wake wa Majengo ilhali hakumbuki uliyomwambia asubuhi. Hakufanyii kusudi. Kumbukumbu za zamani zimekwisha kujikita sehemu nyingi za ubongo, lakini kuhifadhi jambo jipya hutegemea zaidi sehemu ndogo iliyo ndani, upande wa masikio, ambayo huathirika kwa urahisi kichwa kinapogongwa.

Kaka yangu aliumia vivyo hivyo, na kilichomfaa kuliko vyote ni daftari moja tu, wala si vijikaratasi vilivyotapakaa nyumba nzima. Kila jambo tuliliambatanisha na adhana: dawa baada ya alfajiri, daftari lisomwe adhuhuri na magharibi.

Nakuomba sana usimtahini kwa kumwambia, "Hebu kumbuka, nilisema nini?", kwa sababu mwenye tatizo hili akibahatisha jibu la makosa, mara nyingi kosa lenyewe ndilo linalomkaa akilini. Badala yake, mpe jibu sahihi, kisha alirudie baada ya dakika moja, halafu tano, halafu kumi.

Usingizi mbovu na baadhi ya dawa huzidisha usahaulifu, kwa hiyo mwelezeni daktari. Akianza kuumwa na kichwa kunakozidi, kutapika, kifafa au kusinzia kusiko kwa kawaida, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata ikibidi kuvuka feri usiku.