Usilipe holi kabla hujapima A ya piano

Wewe msee, simama hapo hapo. Umeuliza kuhusu konsati yenu, tiketi iwe pesa ngapi, muanze na muziki wa Beethoven ama wa Franck, mabango mbandike wapi, nani atamfungulia mpiga piano kurasa, alafu katikati ya hayo yote umetupia kasentensi kadogo ati depositi ya holi mnatuma Ijumaa, piano yao mmeambiwa iko sawa, nyinyi mnafanyia mazoezi kwa kibodi ya rafiki. Nimefika hapo nikaskia tumbo linanikata. Mmeambiwa na nani? Mmeiguza?

Mimi napiga vayolini, na 2019 nilifanya hivyo hivyo. Tulikodi holi hapa Nairobi, sitaitaja, wanajijua, tukakaa miezi miwili sebuleni Umoja tukifanya mazoezi na kibodi ya stima. Kibodi ya stima haizeeki nyuzi wala haijui mvua, A yake, ile noti ya kulinganishia vyombo, ni 440 (mitetemo kwa sekunde) leo, kesho na Krismasi. Siku ya konsati tumefika saa tisa, watu wanaingia saa kumi na mbili, mpiga piano anaguza A yake, naguza yangu, nikadhani nimeshikwa na malaria. Natoa tyuna ya simu, ile app ya kupima noti: 415. Nusu toni nzima chini! Huko Ulaya kuna watu wa muziki wa kale wanaopiga kwa 415 makusudi kabisa na wanalipwa, sisi tulikuwa na sonata ya Franck ya vayolini na piano, ya 1886, na hatukuwa na makusudi yoyote.

Nikamwendea meneja. "Lakini ilityuniwa mwezi jana," na risiti ananitolea. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hakudanganya. Fundi alikuja kweli, akaona nyuzi zimeshika kutu, akaogopa kuzivuta zisikatike, akaitengeneza ilingane yenyewe kwa yenyewe huko huko chini. Kwaya ikiimba nayo hakuna atakayejua, mtu akiipiga peke yake hakuna atakayejua, ni kama saa ya ukutani iliyo nyuma nusu saa, inatembea vizuri tu mpaka siku uko na basi la kushika. Na hapo ofisini hakuna hata mmoja aliyeona ni kitu cha kuniambia, ila pesa yangu ya M-Pesa waliithibitisha kwa dakika moja.

Nikapigia fundi mwingine, akacheka kwanza. Piano ina nyuzi kama 230, ukizipandisha zote nusu toni kwa mchana mmoja mzigo kwa fremu na ubao unaongezeka, ukifika za mwisho za kwanza zishashuka tena, lazima arudi mara kadhaa, na kama ni nzee zingine zitakatika. Na saa hiyo yeye alikuwa Nakuru.

Nikamkumbusha mpiga piano wangu kuwa 1853 Brahms, yule mtunzi Mjerumani, kijana wa miaka kama 20, alipata piano iliyo chini hivyo akiwa ziarani na mpiga vayolini, akaipandisha sonata nzima ya Beethoven nusu toni kichwani, kutoka C minor hadi C sharp minor, ili vayolini isishushwe. Akaniambia yeye si Brahms na pia hajalipwa.

Basi nikashusha vayolini. Nyuzi zikawa kamba ya kuanikia nguo, uzi wa G unalia kama ng'ombe mwenye homa, na vile zimelegezwa ghafla zikawa zinapanda zenyewe polepole katikati ya wimbo, kila mapumziko nazirudisha chini watu wanadhani ni sehemu ya onyesho. Shangazi yangu alitoka Kakamega kuja kunisikiliza. Alichoniambia ni "umevaa vizuri mwanangu."

Kwa hivyo kabla hujatuma hata shilingi, nenda wewe mwenyewe na tyuna ya simu, guza ile A iliyo juu ya do (C) ya katikati ya piano. Ikisoma 440, ama hapo 438 hadi 442, lipa. Ikiwa chini ya 430, tafuta holi lingine, ama mlipe fundi aanze wiki tatu kabla na arudi siku yenyewe, piano ikishakaa mahali itapigiwa, si kabla ya vijana kuisukuma. Usimuulize meneja, usimuulize mlinzi, usimuulize mwalimu wa kwaya, iulize piano.

Wa kufungua kurasa awe anasoma noti, usiweke binamu. Bei ya tiketi siwezi kukushauri, kuna wawili niliwarudishia zao. Kesho ukitoka job pitia hapo dakika tano, alafu andika hapa namba imesoma ngapi.